Unga wa Msaji

Mapenzi ya fundi hayajui kusema. Yanajua kupima, kukata na kulainisha. Ndiyo maana Randa, siku alipotambua kuwa moyo wake umekwenda na haurudi, hakuandika barua wala hakutafuta maua. Alichukua chekeche.

Jioni kumi na nne mfululizo, wenzake walipokwisha kunawa mikono na kuaga, yeye alibaki kwenye karakana ya baba yake akichekecha vumbi la mbao. Wala si vumbi lolote. Alikuwa anazoa lile lililodondoka chini ya msumeno siku walizopasua msaji tu, mti ambao baba yake huutaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mkwewe. Lilikuwa na rangi ya asali na harufu ya ngozi mpya. Alilichekecha mara tatu mpaka likawa unga wa kuonea wivu, akautia kwenye magunia mawili yasiyo na kiraka, akayafunga midomo kwa kamba nyekundu. Kisha akayabeba begani mpaka chuo kikuu, akayaacha mlangoni kwa mwenyewe, na hakusema neno. Aliona haya. Kijana wa miaka ishirini na saba, mikono imejaa sugu, anaona haya kwa ajili ya vumbi.

Mwenyewe huyo ni msichana ambaye karakana nzima ilimwita Mwanachuo. Alitokea mwaka mmoja nyuma, kitambulisho kikining'inia shingoni, akaomba kwa adabu zote apewe takataka. Msasa, mzee wa kulainisha mbao ambaye ulimi wake ulikwaruza kuliko kazi yake, alimuuliza kama huko chuoni siku hizi wanafundishwa kuokota.

"Ndiyo, babu," akajibu, "mwaka wa tatu sasa, na bado sijafuzu."

Wakacheka, na kicheko kikamfungulia mlango. Akawaeleza kwamba anasoma kilimo cha mjini: namna mji unavyoweza kujilisha leo bila kuwaibia watakaozaliwa kesho udongo wao, maji yao na miti yao, tena kwa vitu vilevile unavyovitupa kila siku. Msasa akataka kujua shamba lenyewe liko wapi, maana yeye huko chuoni anaona lami na ghorofa tu. Mwanachuo akasema liko chini ya ngazi za bweni, upana wake hatua nne, na ndani yake hamna hata chembe ya udongo.

"Kitendawili," akasema, lakini alikuwa anamtazama Randa.

"Tega," Randa akajibu kabla hajajua kwamba amefungua mdomo.

"Nyumba yangu ina nguzo moja."

Kila mtoto anajua kwamba jibu ni uyoga. Randa naye alilijua tangu hajaota meno ya mbele. Ila siku ile alisimama na penseli sikioni kama mtu aliyetegewa kwa mara ya kwanza duniani, akitazama yale macho yanayosubiri, na jibu likamkimbia. Ikabidi Msasa ajibu kwa niaba yake. Tangu siku hiyo Msasa hakumwacha apumue.

Wiki chache baadaye Mwanachuo alimpeleka akaone shamba. Walipiga magoti wawili kwenye kile chumba chini ya ngazi, bega kwa bega kwa sababu nafasi haikuruhusu vingine, akamwonyesha mfuko uliojaa vumbi la mbao nyeupe ambalo Randa alimpa siku za mwanzo. Lilikuwa limegeuka. Nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zilikuwa zimepita kila mahali, zikashonana mpaka vumbi likawa pande moja jeupe.

"Unakula," Mwanachuo alimnong'oneza, kama mtu mwenye mtoto mchanga aliyelala. "Unakula mbao taratibu. Ukishiba, unazaa."

Randa alikuwa amefundishwa tangu utoto kwamba uzi mweupe kwenye ubao ni adui. Ukiuona, unakwangua, unapaka dawa, ukizidi unachoma ubao. Sasa alijikuta amezuia pumzi asije akaukatiza mlo. Akamtazama msichana, akautazama mfuko, na hakujua kati ya hivyo viwili ni kipi kinachomtetemesha.

Lakini penye wawili hapakosi wa tatu, na hapa wa tatu walikuwa wazazi.

Baba yake Randa, Fundi Mkuu, alikuwa mtu wa maneno machache. Wateja walimjua kwa futi yake ya chuma iliyokaa mfuko wa kulia. Ukimweleza kazi yako akaitoa futi akaanza kupima, kazi imekubaliwa. Futi ikibaki mfukoni, nenda nyumbani, hata ungeongea mpaka jua lizame. Kuhusu Mwanachuo, futi ilibaki mfukoni. Alisema mbele ya mafundi wote kwamba kumkaribisha mfuga uyoga kwenye karakana ya mbao ni kumpa fisi ulinzi wa bucha. Tena, akaongeza, msichana wa namna ile akishapata cheti atampangusa mwanawe kama vumbi la dirishani.

Upande wa pili alikuwako mama yake Mwanachuo, mshonaji, aliyemlea binti yake peke yake. Yeye alisema hakukunja mgongo kwenye cherehani miaka kumi na mitano ili mtoto wake apande kuvu chini ya ngazi, na aje aolewe na mtu wa maranda. Mama na binti wakaafikiana jambo moja tu. Binti akifaulu mwaka huu, atachagua maisha yake mwenyewe. Akifeli, hakuna kurudia. Atakwenda kwa mama yake mkubwa, mji wa mbali, ambako kazi ya mezani ilikuwa inamngoja pamoja na kiti cha kuzunguka.

Na kufaulu kulisimama juu ya mifuko thelathini. Ndio uliokuwa mradi wake wa mwisho: mifuko thelathini ya vumbi la mbao, ipikwe kwa mvuke kwenye pipa, itiwe mbegu ya uyoga, ikae gizani wiki tatu. Profesa atakapokuja kukagua, nusu yake iwe imezaa. Mifuko kumi Mwanachuo aliijaza vumbi la mbao nyeupe za masanduku, lililobaki muhula uliopita. Ishirini aliijaza ule unga wa kamba nyekundu.

Siku moja saa kumi jioni, Mwanachuo aliingia karakana bila kusalimia. Hilo peke yake liliwafanya mafundi wazime mashine. Alikuwa amekumbatia mifuko miwili. Akaiweka juu ya benchi la kazi, kati ya patasi na gundi. Mmoja ulikuwa mweupe kama mto mpya wa kulalia. Wa pili ulikuwa wa rangi ya asali, vilevile ulivyokuwa siku ulipofungwa.

Alieleza kwa sauti kavu, kama anasoma mtihani. Kumi imekubali, ishirini imekataa. Maji ni yale yale, mvuke ule ule, mbegu ya chupa moja. Ameifungua mmoja mmoja, ameifikiria siku tatu, usingizi hauji. Iliyokataa yote inatoka kwenye magunia ya kamba nyekundu. Kwa hiyo kuna mtu aliyetia dawa kwenye vumbi lake.

Hakuna aliyeuliza ni dawa gani. Debe la dawa ya mchwa lilikuwa pale pale kwenye rafu, juu ya kichwa cha Fundi Mkuu, na macho ya msichana yalishuka kutoka kwenye debe mpaka kwenye uso wa mzee.

"Mzee, kama hunitaki ungeniambia usoni, ningeondoka," akasema. "Sumu kwenye chakula ya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumsemesha baba yake hivyo. Fundi Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati bila haraka, akaivaa tena.

"Binti, mimi nimekukataa mchana kweupe, kwa mdomo wangu, watu wakisikia," akasema. "Mtu aliyekwisha kukataa mchana, gizani anatafuta nini?"

Randa alijongea benchi, akaufungua ule mfuko wa asali, akaunusa. Harufu ya ngozi mpya ikampanda puani. Zilikuwa jioni zake kumi na nne zote, mle ndani, hazijaguswa na kitu. Angeweza kunyamaza. Debe liko rafuni, baba hapendwi na msichana, msichana hapendwi na baba, na yeye angebaki mtu safi katikati.

"Ni mimi," akasema.

"Umetia dawa?" Mwanachuo akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Sijatia kitu. Huu ni msaji mtupu. Nilikuchagulia, nikauchekecha mara tatu. Nilitaka upate kilicho bora kuliko vyote tulivyo navyo."

Fundi Mkuu alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kama anavyotazama ubao uliopinda.

"Umeulisha uyoga msaji," akasema taratibu. "Miaka arobaini nauza milango ya msaji kwa neno moja: hauliwi. Mchwa hauli, mvua haiuli, kuvu haiuwezi. Mwanangu kauchukua, kausaga, kaupeleka kwa kuvu uwe chakula."

"Amemwalika mgeni akampikia kokoto," Msasa akadakia kutoka pembeni, "tena kachagua zile zinazong'aa."

Karakana ikapasuka kwa kicheko. Hata aliyekuwa juu ya ngazi alishuka ili acheke vizuri. Randa aliinamisha kichwa, masikio yanamwaka, akitamani ardhi imfiche. Mwanachuo peke yake hakucheka. Alikuwa amekishika kile kimfuko kwa mikono miwili.

"Nami nilitakiwa kujua," akasema, na kicheko kikapungua kidogo kidogo. "Nimejibu swali hilo kwenye mtihani, ukurasa mzima: kuna miti ina mafuta yake ya kujilinda, uyoga hauigusi. Harufu niliisikia siku nilipofungua gunia. Nikaipuuza."

"Uliidhania nini?" Randa akauliza.

Alijibu bila kumtazama.

"Nilidhani ni wewe. Maana ndiyo harufu yako. Nikasema moyoni, gunia limekaa sana begani pake."

Hapo hakuna aliyecheka. Msasa aligeuka akajitia anatafuta kitambaa. Randa aliona kama ile karakana aliyozaliwa ndani yake imeongezeka urefu. Aliyasikia maneno hayo na angeweza kuishi nayo mpaka uzee, hata asiambiwe mengine. Huko kote alikokuwa akikesha na chekeche, kumbe mtu alikwisha kumjua kwa kumnusa.

Mwanachuo akamgeukia Fundi Mkuu. Alisema amemvunjia heshima mbele ya mafundi wake, na anamwomba radhi mbele ya hao hao. Kisha, kwa kuwa shida haina aibu, akaeleza yaliyobaki. Muhula umebakiza wiki nne na siku tatu. Mifuko mipya inataka wiki tatu za giza na moja ya kuzaa. Akiipika kesho atafika, akichelewa siku tatu hafiki. Na lile vumbi la mbao nyeupe liko pale, lundo zima nyuma ya karakana, na lundo ni la mzee.

Fundi Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake haukwenda mfukoni.

"Kesho asubuhi nitakuja kukiona hicho kinachokula mbao," akasema. "Mimi sitoi chakula kwa nisiyemjua."

Randa alimsindikiza Mwanachuo mpaka getini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Zawadi ukiitangaza inabaki zawadi gani?"

"Zawadi ya kuua mtu kwa njaa," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, yamechanganyika na kicheko kisichojua kiende wapi. Akayafuta kwa kiganja. Alisema akifeli ataondoka kweli, maana neno alilompa mama yake si la kuvunja, mama naye ana haki yake. Randa akaanza kumwambia kwamba ikiwa hivyo basi atamchongea sanduku la safari ambalo—

"Usinichongee kitu," Mwanachuo akamkata. "Kesho uje tu. Baba yako akiniuliza maswali, nikutazame wewe."

Asubuhi ile Fundi Mkuu alivaa shati lake la kuendea kwa wateja wakubwa. Mlangoni pa chumba cha chini ya ngazi ilimbidi ainame, kwa kuwa dari ilikuwa chini na yeye ni mtu mrefu, na akaingia hivyo, kichwa mbele, kama mtu anayepiga hodi kwa wakwe. Randa alimfuata. Mwanachuo alikuwa ndani tayari, mkononi ana chupa ya kunyunyizia maji. Hakuwasalimia mara moja. Alikuwa amesimama tu, uso unang'aa, na akawapisha waone.

Siku mbili nyuma alikuwa ameichana ile mifuko kumi kwa wembe. Jana jioni kwenye mipasuko palikuwa na vijidoa tu. Sasa mwanga ulikuwa unapenya kwenye kidirisha, umelala juu ya ukungu wa maji, na ndani ya mwanga huo uyoga ulikuwa umefunguka.

Ulikuwa umetoka kila mfuko, mafungu kwa mafungu, mmoja umepanda juu ya mwenzake kama vigae vya paa. Rangi yake kijivu cha kifua cha njiwa, kingo zake zimejikunja kidogo, na mwingine ulifikia upana wa kiganja cha mtu mzima. Matone ya maji yalikaa juu yake bila kuanguka. Hapakuwa na sauti, na bado ungesema chumba kimejaa watu. Lile vumbi walilolikanyaga, walilolifagia, walilolilaani kila lilipowaingia machoni, lilikuwa limeinuka na kusimama.

Fundi Mkuu alivua kofia.

"Jana vilikuwaje?"

"Kama vichwa vya viberiti, mzee."

"Kwa usiku mmoja."

"Kwa usiku mmoja."

Alipiga goti polepole, na goti likalia. Akaugusa mmoja kwa mgongo wa kidole, vile anavyogusa meza iliyokwisha kupakwa vanishi. Halafu akainama zaidi, akachungulia chini yake, na hapo akatulia kabisa. Randa alijua baba yake ameona nini, kwa kuwa yeye mwenyewe siku ya kwanza aliganda palepale: ile mistari myembamba, mamia kwa mamia, imepangwa kutoka ukingoni mpaka kwenye nguzo, hakuna mmoja uliomgusa mwenzake, hakuna uliopotea njia.

"Nani amepima hapa?" mzee akauliza, na hakuwa anauliza mtu. "Mimi mistari hii ningeichonga mwezi mzima. Na mahali pamoja ningekosea."

Mwanachuo alimtazama Randa, kama walivyoagana. Randa naye akamtazama yeye, na wote wawili wakaogopa kusema, wasije wakamwamsha mzee mahali alipokuwa amefika.

"Nimeupiga vita miaka arobaini," Fundi Mkuu akasema. "Nimeukwangua, nimeuchoma moto. Sijawahi kuusubiri nione ulitaka kufanya nini."

Akashika ukingo wa rafu ili ainuke, na kidole gumba kikazama ndani ya ubao kama ndani ya mkate. Uso wake ukabadilika papo hapo ukawa uso wa kazini. Aliibonyeza rafu ya pili, nayo ikabonyea. Ya tatu ilikuwa imepinda katikati kama tumbo la punda. Maji ya kunyunyizia yalikuwa yameila.

"Rafu hizi kafunga nani?"

"Mimi," Mwanachuo akasema.

"Naona."

Mkono wake wa kulia ulikwenda mfukoni, na Randa akasikia sauti aliyoijua kabla hajajua jina lake mwenyewe: ulimi wa chuma unatoka kwenye futi. Baba yake akapima ukuta wa kushoto. Akapima wa kulia. Akapima kimo kutoka sakafuni mpaka kwenye ngazi, akarudia mara ya pili. Randa aliegemea mlango. Mwanachuo, ambaye aliwahi kusimuliwa habari za futi hiyo, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Lile lundo la nyuma," Fundi Mkuu akamwambia mwanawe bila kugeuka, macho kwenye namba, "leteni lote leo. Na chekeche liache nyumbani." Kisha akamgeukia msichana, na sauti yake ikashuka, ile sauti ya kumtaja mkwe. "Rafu nitazifunga upya. Unataka za mbao gani, mwanangu?"

Mwanachuo aliteremsha mkono mdomoni. Alimtazama Randa kwanza, akamtazama mpaka masikio ya kijana yakawaka tena.

"Msaji, baba," akasema. "Msaji hauliwi."

Fundi Mkuu alitoa penseli sikioni, akaandika.